Siku Niliyomziba Maman Mdomo

Mimi gati za Bukavu sizipendi, na mtu asiniambie eti ziwa ni zuri. Zuri, ndiyo, halafu? Upande mmoja zinafungwa meli za chuma za kwenda Goma, pembeni yake boti ndogo za mwendo wa kasi, na mwisho kabisa, pale mbao zimeoza, boti za mbao za Idjwi. Huko mwisho ndiko tulikofikia asubuhi ile, ukoo mzima tumevaa kikwembe kimoja, kitenge cha sare, tukimpeleka mdogo wangu kwa bwana yake kisiwani.

Boti za Idjwi zilikuwa mbili, na moja ilikuwa karibu tupu. Lakini kwetu bibi-harusi hasindikizwi kwa vipande. Wasindikizaji wakigawanyika njiani, watu wanasema ndoa nayo itagawanyika. Basi wote wakajipakia katika ile moja, na godoro, na masufuria, na magunia ya unga. Ubavuni boti ina mstari mwekundu. Ukiuona juu ya maji, mzigo uko sawa. Nilisimama kwenye gati nikautafuta. Ulikuwa umeisha kuzama.

"Maman, teremuka," nilisema. "Tupande ile ingine."

Shangazi yangu akacheka. "Muone mukubwa asiye na bwana. Wivu iko inamukula."

Boti nzima ikacheka. Maman peke yake hakucheka, lakini hakuteremka pia.

"Umoja ni nguvu, mwanangu. Ingia ao baki."

Nikaingia. Ningefanya nini? Nibaki pale gatini nikimwangalia mama yangu akienda?

Maji yalikuwa karibu mno na ukingo. Ungenawa mikono bila kuinama. Dereva, aliyeshinda asubuhi akigombana na kila abiria, sasa alikuwa ameacha ugomvi. Aliangalia mawingu, akatuangalia sisi, akarudia mawingu. Mdogo wangu alinilalia begani, amechoka na mambo ya harusi. Nilianza kujiuliza ni nani kati yetu anajua kuogelea. Sikumpata hata mmoja.

Tulipokaribia gati ya Idjwi, watu wa bwana-harusi walikuwa wamejipanga pale, wakaanza kuimba. Hapo ndipo nilipoiona hatari yenyewe. Maana wimbo ule hujibiwa na upande wa bibi-harusi wakiwa wamesimama, kabla mguu haujakanyaga nchi kavu; ukijibu umekaa, umewadharau wakwe. Na kwetu anayeanzisha jibu ni Maman, mwenye sauti kuliko wote.

Akasimama, akaimba. Wote wakasimama, wakasogea upande wa gati ili waonekane vizuri. Boti ikalala ubavu. Maji yakaingia, ya baridi, yakatufika kwenye vifundo vya miguu. Dereva alipiga kelele mukae, mukae, wao wakadhani anashangilia, wakaongeza sauti. Nilimrukia Maman, nikamziba mdomo kwa kiganja, nikamvuta mpaka akaanguka chini pamoja nami.

Mtoto kumziba mama yake mdomo, mbele ya wakwe! Wimbo ukakatika. Wanawake wakageuka kunitazama, wengine wakakaa kwa aibu tu, wengine ndipo wakayaona maji miguuni. Boti ikajinyanyua polepole, ikatulia.

Kwenye nchi kavu shangazi alikataa hata kuniangalia. Wakwe walinong'ona kwamba bibi-harusi wao ametoka kwenye nyumba ya wehu. Maman alinivuta pembeni, nguo yake imelowa mpaka kiunoni.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu Bukavu."

"Na ukapanda?"

"Weye ulikuwa umeisha panda, Maman."

Akanipiga kofi la nguvu. Kisha akanishika mkono, na siku nzima ya harusi hakuuachia, hata wakati wa kula.