Mtoto Aliyezaliwa Ng'ambo ya Daraja

Eglantine Vaysse alikulia Saint-Morlin, akaolewa Saint-Morlin, na kila asubuhi mbuzi wake walimtangulia malishoni, maana njia waliijua kumliko. Lakini hakuzaliwa Saint-Morlin. Alizaliwa hospitalini Tournelac, mjini, kama watoto wote wa umri wake, na karatasi zake zilisema hivyo.

Mama mkwe wake, Huguette, alizaliwa katika chumba cha juu cha nyumba ileile anayoishi hadi leo, na neno hilo hakuliacha lipoe. Mbuzi akipiga teke ndoo ya maziwa, Eglantine aliambiwa si kosa lake, watu wa mjini ndivyo walivyo. Jibini ikichacha, ni mjini hukohuko. Eglantine alicheka, kwa kuwa Huguette aliyasema hayo huku akimmenyea viazi na kumwekea supu ya moto. Ila utani ukirudiwa miaka mingi, huanza kuuma mahali fulani.

Ndiyo maana alipopata mimba alitamani jambo moja, akamwambia Bastien, mumewe, peke yake: mtoto huyu azaliwe kijijini. Tena si yeye tu angefurahi. Meya wao, Bwana Roumégous, tangu achaguliwe alikuwa ameandikisha vifo na ndoa, lakini hajapata kuandikisha mtoto mchanga hata mmoja. Bastien hakutaka kusikia. Alisema mkunga yuko Tournelac, dawa ziko Tournelac, na mtoto ni mtoto hata akizaliwa mwezini. Eglantine alijua mumewe anaongea kwa hofu, na hofu ile ilikuwa yake pia.

Uchungu ulimkamata mwezi wa Mei, siku chache mapema kuliko walivyotarajia, asubuhi akigeuza jibini rafuni. Wakamlaza nyuma ya kigari chao cha sokoni, juu ya godoro, Bastien akashika usukani, na Huguette akapanda nyuma naye akiwa na furushi la vitambaa safi vya kuchujia maziwa. Barabara inashuka bondeni kwa kona nyingi, na katika kona ya mwisho chupa ya uzazi ikapasuka. Kigari kikavuka daraja. Kupitia dirishani Eglantine akakiona kibao cha Chaudival, kijiji jirani, kikipita taratibu, na moyo ukamwanguka. Saint-Morlin ilikuwa imeishia pale mtoni.

"Simama," Huguette akamwambia mwanawe.

"Mama, pale mbele kwenye miti kuna kivuli."

"Nimesema hapa. Ukiipita ile miti, usiniite mama tena."

Bastien akasimama katikati ya mbuga, juani. Akapiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa asubiri. Mtoto hakusubiri. Alikuwa wa kike, mwekundu, mwenye nywele zilizosimama, na kilio chake kiliwafanya ng'ombe wa mbugani wainue vichwa. Huguette alimfuta kwa kitambaa cha jibini akamweka kifuani pa mama yake.

Eglantine akacheka na kulia kwa pamoja. "Haya, mama. Mimi wa mjini, huyu wa Chaudival."

Huguette akamfunika mtoto miguu.

Habari katika bonde lile hazihitaji magurudumu. Kabla gari la wagonjwa halijatokea, meya wa Chaudival, Bwana Delpuech, alikwisha kufika na chupa ya mvinyo kwapani, kavaa mshipi wake wa umeya wenye rangi tatu za bendera juu ya nguo za shamba. Naye hakuwa ameandikisha mtoto kwa miaka mingi. Alimpongeza Bastien kwa kuwaletea raia mpya, akauliza jina. Bwana Roumégous akaja nyuma yake kwa trekta, akakitazama kile kibao, akavua kofia. Alisema tu kwamba binti ni mzuri sana kwa mtu wa Chaudival.

Huguette akashuka garini akijifuta mikono.

"Bwana Delpuech, mpaka wetu na nyinyi uko wapi?"

"Mtoni, bibi. Hata mbuzi wako wanajua."

"Mto upi?"

Wanaume wakatazamana. Huguette akawaeleza kwamba zamani mto haukuwa pale. Enzi za babu wa baba yake yalishuka mafuriko, mto ukaacha mkondo wake ukaikata mbuga hii kati. Vijiji viwili viligombana hadi wazee wakakubaliana kuwa mto uhame upendavyo, mpaka hauufuati. Palepale ulipopita mto wa zamani ndipo ilipopandwa ile safu ya miti. Waliokuja kutengeneza barabara waliweka kibao darajani kwa sababu palipendeza macho. Lakini yeye alifyeka nyasi za mbuga hii tangu utotoni, na baba yake alimtimua kila ng'ombe wa Chaudival aliyetia mdomo.

Wakaenda wote mitini. Bwana Delpuech ndiye aliyelikuta jiwe la mpaka, ndani ya majani yanayowasha, akatoka akijikuna hadi viwiko. Kigari kilikuwa upande wa Saint-Morlin, tena mbali na jiwe.

Bwana Delpuech alicheka mpaka akashika tumbo. Akaifungua chupa hivyohivyo, akisema hairudishi nyumbani ikiwa imejaa.

Eglantine alimtazama mama mkwe wake. "Kumbe ulijua, ndiyo maana ukamsimamisha."

"Nilichoka kutikiswa," Huguette akasema, akamrekebishia mto wa kichwa.

Gari la wagonjwa lilipofika, Bwana Delpuech alichungulia kwa mara ya mwisho, akaomba angalau mtoto wa pili azaliwe upande wake.

"Basi uubembeleze mto uhame tena," Eglantine akamwambia, akamsogeza binti yake kwenye titi.