Pole Niliyoipachika Mimi

Mimi nina mdomo, sitaki kujificha. Wateja wangu wa Nyakabanda, hapa Kigali, wananijua. Ukija na flashi yenye virusi nitakwambia mbele za watu, na ukinihimiza nikupigie kopi haraka ilhali umekaa na hiyo karatasi wiki nzima, utanisikia. Duka langu ni chumba kimoja tu: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wanaosubiri. Nawaombea watu vyeti mtandaoni, nawaandikia barua za kazi, na wale wazee wasioona vizuri au wasiojua Kiingereza nawafungulia barua pepe zao na kuwasomea. Nywila zao ziko kwenye daftari langu, na nyingine kichwani.

Na kwenye kusoma ndipo nilipokosea. Nimekulia Mwanza, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa. Kule Mwanza nililelewa kwamba barua ya mzee haisomwi kama tangazo la mnada. Mtoto wa mtu akiandika kutoka Ulaya maneno manne, kwamba pesa ni wiki ijayo, mimi nasoma: "Shikamoo mama. Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, tunakukumbuka sana. Ile pesa nitatuma wiki ijayo, Mungu akipenda." Hapa Kigali vijana wananitania, wanasema sisi tuliotoka Tanzania tukianza kusalimiana asubuhi tunamaliza jua likizama. Lakini wazee walipita maduka mawili mengine kuja kwangu, na walijua wanachokifuata.

Mmoja wao alikuwa mama wa Biryogo, mjane wa miaka sabini hivi, aliyekulia Bujumbura. Binti yake yuko Ubelgiji na humwandikia kila mwezi. Zamani mama alikuwa akizisoma barua hizo mwenyewe kwenye kompyuta yangu, pua karibu inagusa kioo. Kisha mtoto wa jicho akamwingia. Jicho la kushoto likaziba kabisa, la kulia nalo likaanza ukungu, na daktari akamwambia wazi kwamba operesheni isichelewe. Binti yake akatuma pesa, akina mama wa kanisani kwake wakajazia, ikatimia. Aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, na siku ya hospitali ilikuwa imeshapangwa. Ile pesa ndiyo iliyokuwa macho yake, hakuwa na nyingine.

Asubuhi moja alikuja kusikiliza barua ya binti yake. Haikuwepo. Ilikuwepo nyingine, ya Kiingereza, kutoka ofisi nisiyoijua, ikisema fidia imeidhinishwa. Nikaropoka bila kufikiri: "Mama, kuna watu hapa wanasema habari ya fidia."

Akaishika meza kwa mikono miwili. "Ni ya mume wangu," akasema.

Mume wake alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam na Kigali, miaka na miaka, mpaka breki zilipomkatalia kwenye mteremko upande wa Tanzania. Tajiri wake hakutuma hata mtu mmoja kuja kukaa kwenye msiba. Nchi hii unaweza kukosa kuleta mchango na watu wakakusamehe, lakini usipofika kukaa na wafiwa, utakumbukwa mpaka unazikwa. Mama yule alikuwa amekumbuka miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa ananitazama kwa lile jicho lililobaki, machozi tayari yanamtoka, na benchi zima linasikiliza.

Nikasoma. "Mama yetu mpendwa. Tunakupa pole nyingi kwa kumpoteza mzee. Alikuwa mtu wa kazi, na hatujamsahau. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia." Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa kwenye kioo.

Je, sikusikia harufu ya utapeli? Niliisikia, jamani, sidanganyi. Barua za namna hiyo zinaingia kwenye masanduku ya wateja wangu kila wiki, na mimi nazifuta kama mtu anayefagia maganda. Lakini mama alikuwa analia kwa raha, anasema, "Wamekumbuka, wamekumbuka," na mimi nikajiambia: acha afurahi leo, kesho nitamwambia hakuna kitu. Akaniagiza niandike jibu. Nikaandika habari za lori, za mteremko, za mzee, na chini nikaweka namba yake ya simu, kwa mazoea tu, kama ninavyoiweka kwenye barua zote. Ningeweza kujifanya nimetuma. Sikujifanya, nikabonyeza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake sikumwambia. Wala keshokutwa. Kila siku nilikuwa na sababu.

Siku ya tisa, saa tano na robo asubuhi, nilifungua sanduku lake kutazama kama binti ameandika. Nikakuta barua ya pili, imetumwa muda si mrefu, na hii haikuwa ile inayotumwa kwa watu wote. Ilikuwa na lori. Ilikuwa na mteremko. Ilimshukuru kwa mazungumzo mazuri ya simu, kwa hiyo walikuwa wanampigia! Ilimkumbusha kwamba ada ya kufungua faili itumwe leo kabla ya saa sita, kwa jina la mtu fulani aliye nchi ya mbali, na saa sita ikipita faili litafungwa moja kwa moja. Na mwisho: kama tulivyokubaliana, usimwambie mtu yeyote, hata wa nyumbani.

Nikaisoma mara ya pili. Fidia gani inayodai ulipe kwanza ndipo ulipwe? Ofisi gani inapokea ada kwa jina la mtu binafsi? Nikaitazama ile anwani sawasawa, ambayo siku ya kwanza sikuitazama: herufi na tarakimu zimerundikwa tu, hata mwehu angejiuliza. Halafu ile haraka, saa sita, saa sita, ili mtu asipate nafasi ya kuuliza. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa lile neno la siri. Mji huu mtu asiyeropoka ndiye mtu. Mwingine angesikia "usimwambie mtu" akashtuka. Mama yule angesikia kwamba anaheshimiwa.

Nikampigia. Simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Walikuwa naye sikioni, wanamtembeza kama mtu anayeongoza ng'ombe kwa kamba.

Nikawaambia waliokuwa kwenye benchi watoke. Mmoja alikuwa na kitambulisho chake bado kimo ndani ya mashine, akaanza kulalamika. Nikamwambia, "Kaka, leo utanisamehe au utaninunia, chagua," nikafunga mlango. Nikapanda pikipiki mpaka Biryogo, na pale vichochoro vinapobana nikashuka nikakimbia, kandambili mkononi. Wanaume waliokuwa wanakunywa chai nje ya mgahawa wakanishangilia. "Dada, mwizi ni nani?" Sikuwa na pumzi ya kuwatukana, na hiyo kwangu ni habari kubwa.

Mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani yake, fundi cherehani, hakuinua hata uso kwenye kitambaa. "Ametoka amevaa nguo za Jumapili," akasema. "Iko na furaha sana. Kopo lake la maziwa amelibeba kwapani."

Yesu wangu. Kopo zima!

Nilimkuta barabara kubwa, kwenye duka la kutuma pesa nje lililo karibu na kwake. Mbele yake hakuna mtu. Ameshafika dirishani, mfuniko wa kopo uko juu ya kaunta, na msichana wa dukani ameshazipanga noti zote mafungu mafungu. Mama ameibana simu kati ya sikio na bega, anaitikia, "Ndiyo, mwana wangu. Ndiyo." Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika arobaini.

"Usitume!" nikapiga kelele kutoka mlangoni.

Watu wote wakageuka. Mama naye akageuka, akaitafuta sauti kwa lile jicho lake. Alipotambua ni mimi, uso ukafungika. Nilizoea kuuona ukifunguka.

"Umefuata nini hapa?" akauliza.

"Mama, hao ni matapeli. Hakuna fidia. Watakula pesa yako ya jicho na hutawasikia tena."

Akasema kwenye simu, taratibu kabisa, "Ngoja kidogo, mwana wangu." Kisha akaniambia mimi: "Walinionya. Walisema ukikaribia kupokea, mtu wa karibu yako ndiye atakuja kukuzuia. Nikawaambia mimi sina mtu kama huyo. Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako."

Watu waliokuwa nyuma yake wakaguna. Bwana mmoja akasema huenda dada huyu na yeye anautaka mzigo. Nikamgeukia nikamwambia afunge mdomo wake kabla sijamfungia. Msichana wa dirishani alikuwa ameshika fomu ya kutuma pesa, macho yanatoka kwangu yanakwenda kwa mama. "Mama, nitume ao nisitume?"

"Tuma," mama akasema. "Watu wale wana heshima. Wewe, mwana wangu, ulinisomea mwenyewe. Waliniita mama yao. Walinipa pole ya mume wangu. Miaka yote hii nani mwingine alinipa pole kutoka kule kazini kwake? Matapeli wanajua pole?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Hakuwa anawaamini wao. Aliniamini mimi, na hakujua.

Nikatoa simu yangu, nikafungua sanduku lake, nikaitafuta ile barua ya kwanza. "Nipe dakika moja," nikamwambia. "Nitakusomea tena ile ya siku ile. Safari hii nasoma yaliyomo, neno kwa neno. Ukimaliza kusikia, ukisema itumwe, mimi naondoka."

Akanipa kisogo. Lakini hakumwambia msichana aendelee.

Nikasoma, kwa sauti, mbele ya watu wote. "Kwa mnufaika. Bwana au Bibi. Fidia yako imeidhinishwa. Jibu haraka kwa kutuma yafuatayo. Jina lako kamili. Nchi yako. Umri. Jinsia. Kazi. Namba ya simu."

"Jinsia ni nini?"

"Wanauliza wewe ni mwanamume au mwanamke, mama."

Akaupapasa mfuniko wa kopo. Simu begani ilikuwa inaongea peke yake, sauti ndogo ya mwanamume inaita kwa Kiswahili, mama, mama yetu, uko hapo?

"Endelea."

"Imekwisha."

"Na mume wangu?"

"Hayumo."

"Na pole?"

Nikaishusha simu. "Pole niliipachika mimi. Na mama yetu. Na kwamba hawajamsahau. Yote niliyatoa mimi kichwani. Halafu kwenye jibu nikawaandikia kila kitu, ndiyo maana sasa wanajua."

Aliishusha simu kutoka begani, akaipapasa mpaka akapata kitufe, akaizima. Ikalia tena papo hapo, akaizima tena. Msichana wa dirishani, Mungu ambariki, hakusubiri kuambiwa. Alizirudisha noti moja moja ndani ya kopo na kuukandamiza mfuniko. Yule bwana mwenye maneno akawa anatazama viatu vyake. Mimi nilisubiri mama anitukane. Nilitaka anitukane, ningejua namna ya kulipokea tusi. Hakunitukana. Alilichukua kopo, akatafuta mkono wangu, akaushika juu ya kiwiko, kwa sababu mfereji wa pale nje alikuwa hauoni.

Tukatembea mpaka kwenye kichochoro chake. Simu ikalia tena mara mbili mfukoni mwake. Saa sita ikapita tukiwa njiani, adhana ikaanza muda si mrefu baadaye, na mimi nilikuwa nimeanza kumpangia ya kufanya: tutabadilisha namba, tutakwenda polisi kutoa taarifa, nitamwandikia binti yako leo hii. Akanikatiza.

"Zile pole," akasema. "Zilikuwa zako kweli, ao ulikuwa unajaza tu barua?"

Nilitaka kusema zilikuwa zangu. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha. "Nilikuwa najaza, mama. Ndivyo ninavyosoma. Wote nawasomea hivyo."

Akasimama. Akalihamishia kopo kwapa la pili.

"Kwa hiyo hakuna aliyenipa."

Mimi mwenye mdomo! Miaka sita alikuwa anakuja dukani kwangu, nazijua nywila zake, namjua binti yake, naujua mteremko uliomuua mume wake, na sikuwahi hata siku moja kumwambia kitu ambacho hakikuwa kinatoka kwenye karatasi.

"Pole, mama," nikasema, na ikatoka vibaya, ndogo, haina adabu yoyote ndani yake.

Alinitazama, au aliutazama upande niliokuwapo.

"Nimeshapoa," akasema, na hapo katikati ya kichochoro akaanza kumlilia mume wake.