Goti Langu na Ziada ya Daktari

Nasema mwenyewe, kabla Zuwena, mkwe wangu, hajawahi kuwafikishia habari hii.

Kazini kwa mwanangu wametukatia bima ya matibabu. Bima ina bei yake iliyokubaliwa. Daktari akitoza zaidi, ile ziada unaitoa mwenyewe. Basi goti lilinivimba wiki nzima, hata sala nasali juu ya kiti. Zuwena akanipeleka zahanati moja hapa Nizwa, Omani. Daktari, kijana wa watu, mzaliwa wa Unguja kama sisi, akasema goti linataka sindano, na bei yake imezidi ile ya bima.

Mimi najua kununua mbuzi sokoni: kitu unakitia kasoro kwanza, ndipo muuzaji ashuke bei. Nikamwambia, "Baba, bei yote hiyo kwa goti hili? Uvimbe wenyewe mdogo, wala haliumi."

"Haliumi, bibi?"

"Hata kidogo! Juzi nimepanda ngazi mbio."

Zuwena akaninong'oneza, "Mama, nyamaza." Nikamkata jicho. Daktari akaandika kwenye karatasi ya bima huku akitabasamu. Nikajua kashuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimeandika kuwa bibi hana haja ya sindano. Aingie mwingine."

Nikaona haya kurudi nyuma. Nikainuka kama askari, nikapita mbele ya wanawake wote waliokuwa wakingoja. Hatua ya tatu goti likagoma. Nikakaa sakafuni puu, nikapiga ukelele:

"Daktari! Linauma, wallahi linauma! Taja bei yako!"