Muhayar, Mlinzi wa Mlango wa Bibi Harusi

Kazi ya Muhayar ilikuwa kuanguka. Siku za kawaida aliuza wali wa kukaanga kwa yai la bata, juu ya makaa, karibu na ule mnara wa Jakarta wenye moto wa dhahabu kileleni. Lakini siku ya harusi alivaa suruali pana nyeusi na mshipi wa kijani, akasimama mlangoni kwa bibi harusi.

Kwetu Wabetawi, wenyeji wa Jakarta, bwana harusi haingii hivi hivi kama anaingia dukani. Anakuja na matari na fataki, na mikate miwili yenye umbo la mamba, dume na jike, maana mamba haachi mke. Mlangoni anamkuta mlinzi. Bwana harusi naye amekuja na bingwa wake. Mabingwa hao watupiane mashairi kwanza, kisha mikono. Na mlinzi wa upande wa mwanamke sharti ashindwe, la sivyo hakuna harusi.

Bingwa wa upande wa pili karibu siku zote alikuwa Satiri, fundi viatu, rafiki yake tangu chuo cha Kurani. Muhayar humwanza hivi:

*Kambare kala chambo,*
*kapita chini ya daraja;*
*mwaja na ngoma na mambo,*
*ngumi mbona hamkuzitaja?*

Watu wakacheka. Satiri akajibu bila kupepesa:

*Papai bichi halilwi,*
*hata ukitia sukari;*
*mzee kama wewe hapigwi,*
*hupewa kiti akasubiri.*

"Nani mzee? Meno yako mwenyewe umeyaacha nyumbani kwenye glasi!" Muhayar anapayuka, kisha anarusha teke, anazungushwa, na chini anakwenda, puu! Akina mama wanapiga vigelegele. Msichana ndani anasikia kishindo kile, anajua ameombwa kwa jasho. Binti aliyetolewa bila mtu kumwangukia mlangoni, kwetu ni kama papai la kuokotwa njiani.

Nyumba ya Muhayar ilikuwa ukingoni mwa mto Ciliwung, kitongoji cha Kecapi. Mvua ikinyesha milimani Bogor, sisi wa bondeni tunapanda juu ya makabati. Mito yote ya upande huu inashukia Jakarta, na Jakarta yenyewe inadidimia kila mwaka kama mtu aliyekalia godoro bovu. Babu zetu walikuwa na bandari ndogo ya minazi. Akaja mwana wa mfalme akaiteka, akaipa jina la ushindi. Wakaja Waholanzi wakauchoma mji, wakachimba mifereji, wakaleta watu kutoka kila kisiwa, na katika mchanganyiko ule sisi tukapikika. Uhuru ulipokuja, mji ukawa mkuu wa nchi nzima, na mkubwa anahitaji nafasi. Babu yake Muhayar alikuwa na shamba la matunda Senayan. Likachukuliwa, ukajengwa uwanja wa michezo. Ndipo ukoo ukahamia mtoni, ambako hakuna aliyekutaka wakati ule.

Sasa hata mtoni pakatakwa. Serikali ilitaka kupanua mto na kuujengea ukuta ili mafuriko yapungue. Tangazo likabandikwa msikitini: wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, Kecapi ivunjwe, watu wahamie ghorofani, mbali huko mashariki.

Muhayar hakulilia nyumba. Alililia jambo moja tu. Komariah, mwanawe wa pekee, alikuwa ameposwa na Wibowo, kijana wa Kijava mwenye adabu, karani wa serikali, ambaye ofisi yake ilikuwa inahamishiwa mji mkuu mpya kule Borneo. Baada ya harusi Komariah angevuka bahari naye. Muhayar alitaka atolewe katika mlango ule aliozaliwa nyuma yake, na yeye mwenyewe aulinde, aangukie mwanawe mara moja katika maisha yake.

"Basi tuwaoze mwezi huu," alisema Rogayah, mkewe. "Kabla matingatinga hayajaja."

"Mwezi huu? Mfunguo Pili?" Muhayar akaweka kikombe chini. "Mke wangu, umerogwa? Huu mwezi umebanwa katikati ya Idi mbili. Ndoa ya mwezi uliobanwa, nayo hubanwa. Mama yangu aliniambia, na mama yake alimwambia."

"Na nyumba itakayobanwa na tingatinga, mama yako alisemaje?"

Rogayah akaenda kumwita ustadhi. Ustadhi alikuja akanywa kahawa, akasema kwa upole, "Kaka Muhayar, katika dini hakuna mwezi mbaya. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimwoa Bi Maimuna katika mwezi huu huu."

"Mtume ni Mtume, ustadhi. Mimi ni muuza mayai. Siwezi kumtuma binti yangu ng'ambo na mkosi mgongoni."

Komariah alikuwa amesimama kwenye pazia la jikoni. "Baba, mimi siogopi mwezi," alisema.

"Wewe mtoto huogopi kitu kwa sababu mimi ninakuogopea. Nitakwenda kwa mkuu wa mtaa, nitaomba watungoje mpaka Idi ipite. Harusi haifungiwi mlango."

Alikwenda. Alipewa chai na maneno mazuri. Akarudi akiwa na hakika kwamba amekubaliwa, maana kwetu mtu akikuchekea na kukumiminia chai, amekubali. Lakini yule mkubwa alikuwa anamliwaza tu.

Siku ile ya tangazo wavunjaji wakaja asubuhi na matingatinga. Walianza nyumba za chini, wakapanda. Rogayah alishika mlango, akasema, "Angalau tuuchukue huu."

"Mlango bila nyumba ni ubao," alisema Muhayar. Akasimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, mpaka vumbi likatua.

Idi ikapita. Harusi ikafanywa ghorofani, katika ujia mrefu wenye harufu ya rangi mbichi, milango ya chuma inayofanana yote. Jirani mmoja alichungulia akauliza kama kuna moto. Wageni walipanda kwa lifti, mikate ya mamba imesimamishwa wima ili ienee. Matari yakalia, sauti ikagonga kuta ikarudi vibaya. Muhayar alisimama na mshipi wake wa kijani.

Satiri akamwamkia, akangoja. Desturi ni mlinzi aanze.

Muhayar hakuanza.

"Haya, mzee," Satiri akanong'ona. "Kambare kala chambo. Niambie basi. Au kambare naye kahamishwa?"

Wachache walicheka. Muhayar akautazama mlango wa chuma wenye namba, ambao bado hakujua ufunguo wake unazungushwa upande gani. Moyo ukakataa. Aliona kwamba kuulinda mlango ule ni uongo, na kuuangukia ni uongo zaidi.

"Si wangu," alisema. Akasogea kando. "Piteni tu."

Matari yakanyamaza. Satiri alibaki na mikono juu kama mtu aliyesahau alichokuwa anakifikia. Kisha watu wakaingia mmoja mmoja, wakisema samahani, kama wanaingia kuhani msiba.

Siku ya safari Komariah alimbusu baba yake mkono chini ya ghorofa, gari likingoja, Wibowo akipanga masanduku.

"Baba, nikuulize?"

"Uliza, mwanangu."

"Mabinti wa mtaa mzima uliwaangukia. Hata yule wa Dada Enah aliyekuwa anatuibia papai, ulimwangukia mpaka ukateguka mkono. Nilikuwa ndani, Baba, nimevaa, nasikiliza. Nikangoja kishindo. Mimi sikustahili hata kimoja?"

Muhayar alitaka kumweleza kuhusu mlango. Alitaka kusema kwamba alichokuwa amemwekea kilikuwa kikubwa mno, hakikuenea pale, na kwamba aliyekichelewesha ni yeye mwenyewe kwa kuogopa mwezi wa Mungu.

"Umechukua sweta?" aliuliza. "Ndani ya ndege kuna baridi."

"Nimechukua, Baba."

Akambusu mkono tena, akaingia garini.