Dakika Kumi za Mkono Kulegea

Wateja walimwita Chapchap, maana kichwa ambacho msusi mwingine angekishika tangu asubuhi mpaka alasiri, yeye alikimaliza kabla ya saa saba. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye saluni ya viti viwili na kioo kimoja kirefu. Kwamba ana presha aliambiwa miaka mitatu nyuma. Dawa alizimeza siku alizojisikia vibaya tu. Siku nyingine zilikaa kabatini, nyuma ya makopo ya mafuta ya nywele.

Kwenye kiti cha pili msusi alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Walifanya kazi pamoja miaka tisa bila kupendana sana. Wifi alimwona Chapchap ana maringo. Chapchap alimwona wifi ni mtu wa kununa, anayesuka kama anatumikia kifungo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Chapchap alikuwa akimsuka mwalimu wa shule ya jirani. Mwalimu akajipapasa kichwa.

"Mbona upande mmoja umenibana mpaka macho yanavutika, na huku kumelegea hivi?"

Chapchap akatazama vidole vyake vya kulia. Anaviambia vikaze, navyo vimelala tu. Kitana kikamponyoka. Akainama kukiokota, akakikosa.

"Nipe kile... kile ki..." Neno likagoma. Kilichotoka kilikuwa kama sauti ya mtu mwenye tonge mdomoni.

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani. Wifi aliacha kazi yake, akaja kusimama mbele ya Chapchap.

"Wifi, niangalie. Hebu cheka."

Chapchap akajaribu. Mdomo ulipanda kushoto; kulia ulibaki palepale.

"Nyoosha mikono yote miwili. Fumba macho."

Wa kulia ukaanza kushuka wenyewe, taratibu.

Wifi akamketisha, akatazama saa ya ukutani. "Saa nne na dakika ishirini," akamwambia mwalimu. "Ikumbuke hiyo, hospitali watauliza imeanza lini. Na hayo maji usimpe, atapaliwa. Tafuta teksi."

Teksi ilipofika, vidole vilikuwa vimerudi, na maneno pia.

"Mimi mzima," Chapchap akasema. "Uchovu tu. Mteja wa watu nimwache na nusu kichwa?"

"Nitafunga kitambaa," mwalimu akajibu haraka.

"Wifi, tusijazane hofu bure," Chapchap akasema. "Si imeshapita?"

"Hata baba ilimpita," wifi akasema. "Mkono ulimlegea akiwa anakunywa chai, ukarudi, tukamshukuru Mungu. Kesho yake tukamkuta hawezi kusema. Mimi ndiye niliyemwambia alale, apumzike." Akamsogezea mkoba. "Panda gari, tafadhali."

Chapchap hakuwahi kumkuta baba mkwe wake hai. Aliambiwa tu kwamba alifariki ghafla. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Daktari alimpiga picha ya kichwa, akamlaza siku tatu. Alimweleza kwamba ile ilikuwa dalili ya kiharusi kilichogusa na kuondoka, na kwamba siku chache zinazofuata ndizo za hatari zaidi, hata kama mtu anajiona hana tatizo. Alimpa dawa za kumeza kila siku, ajisikie vibaya asijisikie.

Kiharusi hakikurudi. Mwaka umepita sasa, na bado anasuka. Yeye na wifi hawajawa mashoga wa kupigiwa mfano. Wanagombania redio kama zamani. Ila Jumapili huenda pamoja kutembea, na siku nyingine hurudi wakimzungumzia yule baba.

Chapchap anasema kinachomkosesha raha si vile vidole vilivyolala. Ni kwamba viliporudi alijisikia mzima kabisa, na sababu za kubaki saluni alikuwa nazo nyingi, zote za maana. Wifi angekuwa mwepesi wa kukubali, wangeendelea kusuka.