Sivii ya Mama Ntilie

Mama yangu alikuwa mama ntilie, akipika na kuuza chakula kivukoni, pale ambapo magari ya Lindi na Mtwara yalisubiri pantoni ili yavuke Mto Rufiji. Tuliishi Nyamwage. Kila alfajiri aliomba lifti ya lori, sufuria zake kazifunga kwa kanga kuukuu, na jioni akarudi kwa lifti nyingine. Madereva wote walimjua. Hakuna utingo aliyethubutu kumwambia kwamba gari limejaa, maana mchana angekutana naye akiwa na njaa.

Nilipomaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kusubiri matokeo, habari ya mjini na kijijini ilikuwa moja tu: daraja linajengwa. Miaka ile ya soko huria tulikuwa tumezoea kusikia vitu vinafungwa. Ushirika ulikuwa umepunguza makarani, duka la kijiji limebaki rafu tupu, na watu wengi waliowahi kuajiriwa walikuwa wakisimulia ajira zao kama mtu anavyosimulia marehemu. Kwa hiyo kampuni ya ujenzi ilipopiga kambi na kubandika tangazo kwamba inatafuta mpishi mkuu wa wafanyakazi wake, wanawake wa kivukoni hawakuwa na mazungumzo mengine. Tangazo lilitaka mwombaji alete barua ya maombi pamoja na wasifu wake, sivii kama tulivyoiita.

Mama alilisoma tangazo mwenyewe. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima, naye alisoma polepole, kidole kikifuata maneno, bila kuona haya. Akaniuliza sivii ni kitu gani. Nikamweleza kuwa ni karatasi inayosema mtu amesoma wapi na amefanya kazi gani. Alifikiri kidogo, akasema kazi anazo, shule ndiyo ya kutafuta.

Wenzake walikuwa wakienda Kibiti kwa bwana mmoja aliyekuwa karani wa ushirika kabla ya kupunguzwa. Alikuwa na taipureta, ameiweka kwenye kibaraza cha duka, na aliwaandikia watu barua. Tukaenda kwake siku moja, mama na mimi. Alitupokea kwa heshima, akamuuliza mama jina, umri na kijiji, kisha akaanza kugonga. Hakuuliza kingine. Kahawa aliyotuagizia ilikuwa bado ya moto alipoichomoa karatasi kwenye mashine na kutukabidhi.

Tuliporudi tulikuta pantoni iko ng'ambo. Mama akaketi juu ya jiwe, akaifungua ile karatasi na kuanza kusoma. Ilitaja kabila lake, dini yake na idadi ya watoto wake. Ilisema ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye afya njema. Kwenye uzoefu wa kazi palikuwa na maneno matatu: mama wa nyumbani. Anachopenda: kusoma vitabu, kusafiri na mpira wa miguu. Mwisho ilimwomba mwajiri amhurumie, ampe kazi yoyote ile, kwa kuwa ana shida nyingi.

Alipomaliza alinipa.

"Huyu mwanamke mimi simjui," alisema. "Na huo mpira naucheza saa ngapi?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwambia sivii zote huandikwa hivyo. Akaniuliza, kama zote ziko hivyo, mwenye kazi atamtambuaje mtu na mwenziwe? Mtihani wangu wa kidato cha nne haukuwa na swali gumu kama hilo.

Kesho yake hakwenda kivukoni. Tulitandika mkeka uani, nikachukua karatasi na kalamu, akaniambia nimuulize kama mgeni asiyemjua. Nikaanza.

Unafanya kazi gani? Ninapika. Unawapikia nani? Hapo ndipo alipoanza kuzungumza, na nilijikuta nasikiliza zaidi ya kuandika. Alisimulia mvua kubwa ya wakati nilipokuwa shule ya bweni, barabara ilipokatika huku na huku na mabasi yakakwama kivukoni, abiria wakiwa hawana mbele wala nyuma. Mama ntilie wengine walitaka kupandisha bei. Yeye aliwakusanya wote, akagawa kazi: huyu wali, yule samaki, huyu maji, yule kuni. Wagonjwa na watoto wakala kwanza. Alikataa katakata maji ya mto yanywewe bila kuchemshwa, hata kuni zilipolowa na watu wakanung'unika kwa kiu. Mpaka njia ilipofunguka, hakuna aliyeharisha.

Alisimulia yote hayo kama anaelezea jinsi ya kuchambua mchele. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika.

"Mbona huandiki?" aliniuliza.

"Hukuwahi kuniambia, mama."

"Nilikuwa naandika kitabu?" alisema. "Haya, andika sasa."

Mama alitaka tuanzie alikozaliwa. Nikamwambia mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu wa ofisini anaanza kusoma juu na huchoka upesi, kwa hiyo kazi ya karibuni na iliyo nzito ndiyo itangulie. Alikubali. Yeye naye akafuta kabila, dini na watoto, akisema hayo hawakuyauliza. Ile sentensi ya kuomba huruma aliikata kwa mstari mmoja mnene.

"Shida zangu si kazi," alisema. "Sitaki nihurumiwe. Nataka niajiriwe."

Jirani yetu, ambaye tayari alikuwa na sivii yake ya Kibiti, alipita akatukuta hapo. Akashauri tuandike kwamba mama alimaliza darasa la saba, maana nani atakwenda kuhakikisha? Mama alimshukuru, akamuuliza, wakimtaka amtaje mwalimu wake wa darasa la saba, atamtaja nani? Tukaandika elimu ya watu wazima, na nilipotaka kuiweka chini kabisa kwa herufi ndogo, alinizuia. Herufi ziwe sawa na nyingine, alisema, maana jasho lake ni lile lile.

Kuhusu wadhamini hakukubali kuandika jina la mtu asiyejua kwamba ametajwa. Alimfuata msimamizi wa pantoni akamwomba ruhusa, kisha akamsubiri dereva mmoja wa basi la Lindi mpaka zamu yake ilipomrudisha kivukoni. Huwezi kumfanya mtu shahidi wako, alisema, halafu akaulizwa, akashangaa.

Niliinakili sivii kwa mwandiko wangu mzuri, ukurasa mmoja, na barua fupi ya maombi juu yake. Mama akaupitia neno kwa neno, akagundua kwamba nimeruka herufi katika jina la Nyamwage, kijiji nilichozaliwa. Nikaandika upya. Jirani alisikitika kwamba haikupigwa taipu. Mama alisema ikiwa wataikataa kwa mwandiko, angalau watakuwa wamemkataa yeye.

Siku ya usaili waliitwa wanawake wengi. Walikaa kwenye benchi nje ya hema la ofisi, kanga zimepigwa pasi, kila mmoja na bahasha yake. Nilikuwa nimemsindikiza mama, nikasimama pembeni ya turubai, na kwa kuwa turubai lilikuwa jembamba, nilisikia. Jirani yetu alimtangulia mama. Alipotoka alikuwa anacheka, mkono mdomoni. Alitusimulia kwamba afisa alimuuliza anasoma vitabu gani, akamjibu anasoma Kurani. Afisa akamwambia ni jambo jema, lakini waombaji wote wa asubuhi ile wanapenda vitabu na mpira, na yeye ameshindwa kujua nani ni nani.

Mama akaingia. Afisa alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwenye sauti ya upole. Nilisikia karatasi ikigeuzwa.

"Umeandika hapa kwamba uliwalisha abiria waliokwama," alisema. "Ulifanyaje wasiugue?"

Mama akamweleza. Akaulizwa maswali mengine, juu ya kuni, juu ya kupanga zamu, juu ya chakula kikichelewa. Hakusita hata mara moja, maana hakuna aliloulizwa ambalo hakuliishi. Kisha afisa akafika kwenye elimu. Alimpa orodha ya vyakula vya stoo akamwomba asome kwa sauti.

Halafu nikamsikia. Mchele. Maharage. Mafuta ya kupikia. Alisoma taratibu, nami nilijua kidole chake kilikuwa wapi. Kwenye benchi wanawake waligeukia hema. Palipokuwa na neno gumu alirudi nyuma akalianza tena, mpaka orodha ikaisha. Nimewahi kusikia watu wakisoma vizuri na haraka maisha yangu yote, lakini usomaji ulionifanya ninyooshe mgongo ni ule.

Alipotoka alijifunga kanga vizuri kwanza.

"Wamesema nianze Jumatatu," alisema. "Nimewaambia nitahitaji wasaidizi, na nimewataja wale niliokuwa nao kwenye mvua."

Jirani yetu alikuwa mmoja wao.

Baada ya hapo watu walianza kuja uani kwetu, wengine kutoka Ruaruke, wakitaka niwaandikie. Nilifanya kama mama alivyonifundisha: niliuliza kama mgeni, nikangoja. Hata yule karani wa Kibiti alikuja. Kambi ilitaka mtunza stoo, na sivii aliyojiandikia ilisema yeye ni mchapakazi na mwaminifu, basi. Nikamuuliza msimu wa korosho alikuwa akifanya nini pale ushirika. Alizungumza hadi adhana ya alasiri, na macho yake yaliamka. Kazi ile aliipata.

Mwezi wa pili wa mama kazini nilikwenda kambini mchana. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga na sahani zao, kofia za chuma kichwani, wengine wakizungumza Kindengereko, wengine lugha nisizozijua. Fundi mmoja kutoka mbali aliita kwa sauti, "Mpishi mkuu!" Mama hakugeuka. Alikuwa anaonja mchuzi, akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. Kisha akainua upawa, na mstari ukaanza kusogea.