Kichwa Yangu Juu ya Maji

Hapana yaya, si kujionyesha. Bale bamama benye banaogeleaka ku ziwa, chini kule Keshero, hawana haja ya mutu wa kuogelea kama kila mutu. Banatafuta mutu wa relais, ile ya kuogelea kwa kupokezana. Mumoja anaogelea mugongo, mwingine brasse kama chura, mwingine crawl. Ule wa papillon, ile ya kipepeo, alihamia Bukavu na bwana yake. Nafasi yenye ilibakia ni ile moja tu, na mi naitaka.

Hivyo njo nilimujibu yaya yangu, dada yangu mukubwa, na yeye hakuacha hata kusonga bugali.

"Unaitaka ya nini?" akasema. "Benzako bako banatafuta kazi ama bwana. We uko unatafuta kuruka mu maji kama samaki ya sambaza yenye imeona wavu."

Ningemuambia nini? Kwamba tangu nimalize shule, bale tulikuwa tunakaa nabo ku banc moja bameenda zabo, na simu yangu inaweza kukaa siku muzima bila kulia? Kwamba bale bamama, kama banatoka mu maji, banakaa ku mawe nyeusi, banakunywa chai ya thermos, banachekana, na mi napita pembeni na taulo yangu ku bega kama mutu mwenye amekosa njia? Hakuna mwenye alinikataza kukaa. Lakini unakaa pale kama nani?

Kapiteni yabo, mama moja wa upande wa Bukavu mwenye anatumika kazi ku bureau, aliniambia: "Jifunze, binti. Samedi tutakuangalia."

Nikajifunza peke yangu. Nilikuwa nashuka kutoka kwetu Ndosho mchana, saa yenye bamesharudi kwabo, kwa sababu sikutaka banione nikikosea. Mchana ziwa iko na mawimbi, ni mubaya kwa kujifunza, lakini nilikuwa na haraka. Nilikuwa naangalia video ku simu, kisha naingia. Miguu yote mbili pamoja, ile nilikamata mbio. Mikono yote mbili inatoka pamoja nyuma, inapita juu, inarudi mbele, ile pia ilikuja. Shida ilikuwa kuhema. Kila mara nilitoa kichwa kuhema, kiuno inazama, magoti inakunjika, mikono inapiga maji pwaa! Kisha nasimama nakohoa.

Mama moja mwenye alikuwa anafua bilamba alinipigia kelele: "We binti, uko unagombana na maji? Itakushinda, iko mingi!"

Jumamosi, ile samedi yenye alisema, bakaniangalia. Nilienda kidogo tu, kiuno ikazama. Ule wa brasse akacheka: "Mama yangu! Huyu anatafuta avion yenye inaruka juu mbinguni!"

Kapiteni akaingia mu maji mpaka ku kifua, akaweka mukono yake nyuma ya shingo yangu.

"Juu ya sababu gani unapandisha kichwa hivi? Kidevu ibakie ku maji. Hema pale pale chini."

"Pale chini njo siwezi."

"Juu ya nini?"

Kinywa yangu ikajibu mbele yangu: "Juu ya mazuku."

Bote bakacheka. Mi mwenyewe sikujua mpaka ile dakika. Wakati tulikuwa batoto, tunakuja kuvoma maji ya kubeba nyumbani, mama alikuwa anatuambia kila asubuhi: kuko hewa mubaya, njo mazuku, inatoka mu mawe ya volcan, haina harufu, inalala chini mu mashimo, inaua mbuzi, inaua mutu mwenye ameinama. "Kichwa juu!" Tulibeba bidon na shingo wima kama askari. Na sasa, mutu mukubwa, shingo yangu ilikuwa ingali inamusikiliza mama.

Kapiteni hakucheka. "Mama yako alikuwa anasema kweli," akasema. "Kuna fasi hatuingiake, na kama upepo haiko tunarudi nyumbani. Lakini hapa ziwa iko wazi, hewa inapita. Nafasi sitakupatia leo. Samedi ingine."

Bakatoka, bakafungua thermos. "Kuja unywe chai!" ule wa brasse akaniita.

"Aksanti, niko na haraka," nikasema. Haraka ya kwenda wapi? Nikapanda mpaka Ndosho na nywele inatona maji, bamotari ba pikipiki banapita pembeni, hakuna mwenye alijua kama nimeshindwa.

Yaya akauliza: "Bamekukamata mu relais yabo?"

"Bado."

Hakucheka. Aliniwekea bugali na sambaza, akaenda inje. Ningependa acheke.

Nikakula peke yangu, nikiwaza ule mukono ku shingo. Mu ile dakika moja kichwa yangu ilikuwa inashuka, kidogo, bila mi kuilazimisha. Mchana, peke yangu na mawimbi, haitashuka hata mwaka. Basi nikakata shauri: kesho asubuhi, nikitoka ku misa ya kwanza, nitashuka ku saa yabo, si yangu. Nitamuomba kapiteni aweke tena mukono pale, mbele ya bote, na asiutoe mpaka niheme na kidevu ku maji. Bakicheka, bacheke.